Jina Lililokwanguliwa: Beethoven, Bonaparte na Simfonia ya Tatu

Waliosoma enzi za kalamu ya wino wanajua kazi ya wembe. Ukikosea neno kwenye daftari unachukua nusu wembe, unakwangua taratibu mpaka wino uondoke, unasugua kwa ukucha ili karatasi ilainike, halafu unaandika upya. Ukiwa na haraka au hasira, unatoboa. Na tundu haliandikiki. Mwalimu akifungua daftari analiona tundu kabla hajaliona jibu.

Kuna tundu la namna hiyo Vienna, kwenye nyaraka za Gesellschaft der Musikfreunde, jumuiya kongwe ya wapenda muziki ya mji ule. Liko kwenye ukurasa wa jina wa Simfonia ya Tatu ya Ludwig van Beethoven, nakala iliyoandikwa na mnakili wake mwaka 1804. Chini ya maneno ya Kiitaliano yasemayo kwamba hii ni simfonia kubwa palikuwa na maneno mengine mawili: iitwayo Bonaparte. Yamekwanguliwa kwa nguvu mpaka karatasi ikaachia. Mara ya kwanza nilipoiona picha ya ukurasa ule nilicheka, kwa sababu niliutambua mkono: huyu bwana alikuwa na hasira, na wembe wake ulikuwa butu.

Kisa chenyewe kinajulikana, na kila kijitabu cha muziki kinakirudia. Beethoven, mzaliwa wa Bonn, alikuwa kijana wa miaka kumi na minane Mapinduzi ya Ufaransa yalipoanza mwaka 1789. Bonaparte alimzidi umri kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa tu. Ni watu wa rika moja. Mmoja alitoka kisiwani Corsica akapanda cheo kwa mizinga, mwingine alitoka familia ya wanamuziki wa kuajiriwa akapanda kwa piano. Ni rahisi kuona kwa nini yule wa pili alimtazama yule wa kwanza kama ushahidi kwamba dunia ya kurithishana vyeo inaweza kuvunjika. Basi mwaka 1803 akaandika simfonia, akaipa jina la Bonaparte. Tarehe 18 Mei 1804 Seneti ya Ufaransa ikamtangaza Bonaparte kuwa kaizari. Ferdinand Ries, mwanafunzi wa Beethoven, ndiye aliyempelekea habari. Anasimulia kwamba mwalimu wake alilipuka: kumbe na huyu ni mtu wa kawaida tu, naye sasa atazikanyaga haki za binadamu na kujiinua juu ya wenzake. Akaenda mezani, akaukamata ukurasa wa jina, akauchana vipande viwili na kuutupa chini.

Kisa kitamu. Nimekisimulia mwenyewe mara nyingi, mara nyingine kwa mbwembwe kuliko Ries. Lakini hebu tukitazame vizuri, maana kina matundu yake.

Kwanza, watu huchanganya karatasi mbili. Ukurasa anaousema Ries ulikuwa wa muswada wa Beethoven mwenyewe, na muswada ule umepotea. Ulioko Vienna ni wa nakala ya mnakili, nao haukuchanwa, ulikwanguliwa. Pili, Ries alikichapisha kisa hicho mwaka 1838, miaka zaidi ya thelathini baadaye, Beethoven akiwa kaburini na Bonaparte vilevile. Tatu, na hili ndilo linalonishika kuliko yote: tarehe 26 Agosti 1804, miezi mitatu baada ya ile hasira, Beethoven aliwaandikia wachapishaji wa Leipzig, Breitkopf na Härtel, akiwauzia kazi zake mpya. Humo anawaambia kwamba jina hasa la simfonia ni Bonaparte. Mwezi wa Agosti! Yule aliyeuchana ukurasa mwezi Mei bado anaitangaza bidhaa kwa jina lilelile. Na kwenye ukurasa uleule wenye tundu, chini kidogo, kuna maandishi ya penseli kwa mkono wake yanayosema kwamba kazi hii iliandikwa kwa ajili ya Bonaparte. Hayo hakuyafuta mpaka anakufa.

Kwa hiyo shujaa wa kisa, msanii anayemkana dhalimu kwa pigo moja, ananiponyoka mikononi. Aliyebaki ni mtu anayekwangua halafu anaandika tena kwa penseli. Mimi huyu wa pili ananivutia zaidi.

Tusisahau pesa. Oktoba 1803 Ries huyohuyo alimwandikia mchapishaji Simrock wa Bonn kwamba Beethoven anatamani sana kuitabaruku simfonia kwa Bonaparte, ila mwana wa mfalme Lobkowitz anataka awe nayo peke yake kwa nusu mwaka na yuko tayari kutoa gulden 400. Ikishindikana tabaruku, basi Bonaparte atabaki kwenye jina. Ona hesabu hiyo ilivyo tamu: jina la mtoto wa Mapinduzi kwa juu, pesa za kabaila wa Austria kwa chini. Aidha, wakati ule Beethoven alikuwa akifikiria kuhamia Paris, na kuingia Paris na simfonia yenye jina la Konseli wa Kwanza si jambo dogo. Mazoezi ya kwanza yalifanyika 1804 katika kasri la Lobkowitz mjini Vienna, katika ukumbi ambao leo wanauita ukumbi wa Eroica. Mabwana wa nyumba ile walikuwa watu walewale ambao majeshi ya Bonaparte yalikuwa yakiwapiga, na ambao yangeuteka mji wao Novemba 1805. Walikaa kwenye viti vyao vya hariri wakasikiliza muziki uliokuwa na jina la adui yao. Wakalipia.

Onyesho la kwanza la hadharani lilikuwa tarehe 7 Aprili 1805, Theater an der Wien, Beethoven mwenyewe akiongoza. Wapo waliochoka. Carl Czerny anakumbuka mtu mmoja kule juu kwenye viti vya bei rahisi aliyepaza sauti kwamba yuko tayari kuongeza kreuzer moja ilimradi jambo hili liishe. Simlaumu. Simfonia za Haydn na Mozart zilikuwa za dakika ishirini na kitu, thelathini. Hii inakwenda mpaka dakika hamsini, na sehemu ya kwanza peke yake ni zaidi ya robo saa.

Lakini twende kwenye muziki wenyewe, maana tabia ya wengi wetu tuliozoea vitabu ni kukaa kwenye visa na kuuogopa muziki. Mimi si mtaalamu. Kusoma noti nilijifunza kwaya, tena kwa kubabaisha. Nasema ninachosikia.

Inaanza kwa mapigo mawili ya okestra nzima, pa! pa!, kama mtu anayegonga mlango wa ofisi aliyokwisha kuingia. Kisha selo zinaingia na wimbo. Wimbo wenyewe ni mwepesi ajabu, unabembea juu ya noti zile za msingi ambazo mtoto wa kwaya angeimba siku yake ya kwanza. Ukimsubiri shujaa aingie kwa tarumbeta na bendera, hayupo. Halafu, ndani ya sekunde chache, wimbo unateleza. Selo zinashuka kwenye noti ngeni, isiyo ya nyumba ile, na kwa muda mfupi hujui uko wapi. Fidla juu zinahema. Mambo yanarekebishwa haraka, lakini sikio limeshasikia. Robo saa yote inayofuata ni matokeo ya ule mtelezo.

Katikati ya sehemu hiyo okestra inafika mahali inapiga mapigo mazito yaliyopindana na mdundo, sauti zinagongana kwa makusudi, kwa muda mrefu kuliko uwezavyo kuvumilia, na mara zinaachia, unaingia wimbo mpya kabisa wa huzuni ambao haukuwepo tangu mwanzo. Kwa sheria za wakati ule hilo lilikuwa kosa; wimbo mpya hauletwi katikati ya hoja. Na baadaye kidogo, fidla zikiwa bado zinanong'ona noti za kungojea, pembe moja ya okestra, zile za shaba zilizojikunja kama konokono, inaingia na wimbo mkuu mapema. Haijafika zamu yake! Ries anasimulia kwamba kwenye mazoezi alidhani mpigaji amekosea, akamlaani kwa sauti, na nusura Beethoven amzabe kofi. Haikuwa kosa. Iliandikwa hivyo.

Wanaotafuta siasa ya simfonia hii kwenye ukurasa wa jina wanatafuta mahali pembeni. Siasa iko hapa: kwenye wimbo ambao haukai mahali pake, kwenye sauti moja inayosema kabla ya kuruhusiwa. Na mwishoni mwa sehemu hiyo, pale unapotarajia tarumbeta ziunyanyue wimbo wa shujaa na kuufikisha kileleni, tarumbeta za Beethoven zinauanza kisha zinauacha. Unamezwa na okestra nyingine. Waongozaji wengi wa karne ya 20 hawakuvumilia hilo, wakaongeza noti ili tarumbeta zimalize. Walitaka shujaa aonekane mpaka mwisho. Ukitaka kujua rekodi uliyonayo ni ya upande gani, sikiliza hapo.

Kisha shujaa anakufa. Hilo ndilo hunishangaza kila nikirudi. Sehemu ya pili ni maandamano ya mazishi. Hatujafika hata nusu, na tayari tunazika. Na hii iliandikwa 1803, kabla ya taji, kabla ya hasira! Mazishi ya aina hiyo Beethoven hakuyabuni. Paris ya Mapinduzi ilikuwa na muziki wake wa kuzika mashujaa barabarani, kama ule wa Gossec wa mwaka 1790 uliopigwa Mirabeau alipozikwa mwaka uliofuata. Fidla kubwa zinaiga ngoma iliyofunikwa kitambaa, wimbo unakwenda kwa hatua za watu waliobeba jeneza. Katikati mwanga unaingia, karibu ushangilie, halafu okestra inajikunja ndani ya mabishano makali ya sauti juu ya sauti, na hapo, nikwambie ukweli, mimi hushindwa kuendelea na chochote ninachokifanya. Mwishoni wimbo wa kwanza unarudi lakini umekatikakatika, neno hapa, kimya pale, kama mtu anayejaribu kutoa salamu za rambirambi na sauti haitoki.

Nani anayezikwa? Inasemekana Bonaparte alipofariki 1821 Beethoven alisema muziki wa msiba huo alishautunga miaka kumi na saba kabla. Sawa. Lakini Oktoba 1802, mwaka mmoja kabla ya simfonia, Beethoven aliwaandikia ndugu zake waraka kule Heiligenstadt, akikiri kwamba masikio yanakufa na kwamba aliwahi kufikiria kujiua. Waraka ule hakuutuma. Mimi husikia jeneza zaidi ya moja mle ndani.

Sehemu ya tatu sina mengi ya kusema, inakimbia kwa kunyata na ina pembe tatu zinazopiga kama wawindaji, ni tamu, basi. Ya nne ndiyo yenye mzaha. Baada ya kelele ya ufunguzi tunapewa sauti za chini tu, zinadonolewa kwa vidole, kama nyumba iliyosimamishwa nguzo bila ukuta. Wimbo wenyewe unakuja baadaye, na ni wimbo ambao watu wa Vienna walikwisha kuusikia: Beethoven aliutumia 1801 kwenye ngoma ya jukwaani kuhusu Prometheus, yule aliyewaibia miungu moto akawapa binadamu, na pia katika vipande vyake vya dansi ya ukumbini. Yaani simfonia ya shujaa inamalizikia kwenye dansi. Wapo wanaoona ni udhaifu, kwamba baada ya mazishi yale dansi haitoshi. Anthony Burgess aliijenga riwaya yake Napoleon Symphony ya 1974 katika sehemu nne zinazofuata hizi nne, naye ilimbidi apambane na swali hilohilo: ukishamzika mtu kurasa nyingi kabla ya mwisho, utaandika nini? Kwangu jibu la Beethoven ni sahihi. Shujaa kaondoka, ukumbi haujaondoka.

Sasa nirudi kwenye majina, kwa sababu mwaka uleule wa 1803 kuna jina lingine Beethoven alilifuta, na hilo halisimuliwi kwa mbwembwe. Tarehe 24 Mei 1803, asubuhi, katika bustani ya Augarten mjini Vienna, alipiga piano pamoja na mpiga fidla George Bridgetower, kijana mwenye asili ya Afrika kwa upande wa baba, aliyekulia kwenye majukwaa ya Uingereza. Sonata waliyopiga ilikuwa imekamilika kwa kuchelewa mno, sehemu ya pili Bridgetower aliisoma moja kwa moja kutoka muswada. Beethoven alifurahi, akaandika tabaruku ya utani yenye jina lake, utani unaochezea rangi yake. Kisha wakakosana, Bridgetower uzeeni alisema ni kwa sababu ya mwanamke. Sonata ilipochapishwa 1805 ilikuwa na jina la Rodolphe Kreutzer, mpiga fidla maarufu wa Paris. Paris tena. Tolstoy akaja kuandika riwaya fupi kwa jina hilo, na leo kila mtu anasema Sonata ya Kreutzer. Hapo hakuna tundu la kuonyesha watalii.

Na kuna jina ambalo halikuandikwa kabisa. Bonaparte hakuanza kuzikanyaga haki za binadamu Mei 1804. Sheria yake ya tarehe 20 Mei 1802 iliurudisha utumwa kwenye makoloni ya Ufaransa. Toussaint Louverture, aliyewaongoza watumwa wa Saint-Domingue kujikomboa, alikamatwa kwa hila mwaka huo, akasafirishwa mpaka ngome ya Fort de Joux kwenye milima baridi ya Jura, akafia humo tarehe 7 Aprili 1803. Miaka miwili kamili, siku kwa siku, kabla ya pa! pa! za Theater an der Wien. Ni bahati tu ya kalenda, sitaki mtu aseme nimegundua siri. Lakini habari za Toussaint hazikuwa zimefichwa. Wordsworth alimwandikia soneti 1802, ikachapwa gazetini London. Hasira anayoisimulia Ries ni hasira ya taji. Wenye kuyajua madhila ya Bonaparte kwa ngozi zao walikuwa wamemkwangua zamani, na tarehe 1 Januari 1804 Haiti ikatangaza uhuru.

Halafu, ili nisijitengenezee shujaa wangu mwingine: Jean-Jacques Dessalines, aliyeutangaza uhuru huo, alivikwa taji la ukaizari tarehe 8 Oktoba 1804. Alimtangulia Bonaparte, aliyevikwa la kwake Notre-Dame tarehe 2 Desemba. Taji ina ugonjwa wake. Desemba 1977 kule Bangui, Bokassa alijivika la kwake kwa kuiga sherehe ya Notre-Dame mpaka mavazi. Mwalimu Nyerere hakukosea alipochagua, kati ya tamthilia zote za Shakespeare, kuanza kutufasiria ile ya mtu anayenyooshewa taji na kulisukuma huku jicho likilifuata.

Simfonia ilichapishwa 1806 ikiitwa Eroica, ya kishujaa, iliyotungwa kuadhimisha kumbukumbu ya mtu mkuu. Mtu mkuu gani? Nafasi iko wazi, na tangu hapo kila enzi imejaribu kuijaza. Mwaka 1892 Hans von Bülow, mbele ya watazamaji wake Berlin, aliitabaruku upya kwa Bismarck. Desemba 1944 Furtwängler aliirekodi Vienna, mji ukiwa chini ya Hitler, na rekodi ile, samahani kusema, ni miongoni mwa zinazotisha kwa uzuri. Novemba 22, 1963, Boston, Erich Leinsdorf alisimamisha programu yake akawatangazia watu kwamba Rais Kennedy ameuawa, na okestra ikapiga yale maandamano ya mazishi. Kwenye rekodi unausikia ukumbi ukishtuka.

Toscanini alikataa mchezo wote huo. Alisema wengine huona Napoleon humo, wengine Hitler au Mussolini, yeye anaona tu agizo lililoandikwa juu ya noti: pigeni haraka, kwa moto. Zamani nililipenda sana jibu hilo. Baadaye nikasoma kwamba mwaka 1919 Toscanini aligombea ubunge Milan kwenye orodha ya Mussolini, na kwamba mwaka 1931 wafuasi wa huyohuyo Mussolini walimpiga Bologna kwa kukataa kupiga wimbo wao. Mtu aliyepitia hayo akikwambia kwenye muziki hamna majina, jua na yeye ana wembe mfukoni.

Nami ninao. Nikiwa kidato cha tano alikuja shuleni kwetu mgombea mmoja, simtaji, akaahidi maktaba. Mwalimu wa Kiswahili akaniagiza niandike utenzi wa kumsifu, nikaandika beti arobaini, nikaughani mbele yake, na nilimaanisha kila neno. Maktaba haikujengwa. Kiwanja chake kikaja kuwa na uzio wa watu wake. Likizo moja nikalichukua kaunta buku nikakwangua jina kila lilipo, na bila shaka nikatoboa, ubeti wa saba una tundu unapitisha kidole. Kinachonisumbua ni kwamba beti zenyewe si mbaya. Nimezisoma tena juzi nikiwa na sehemu ya pili ya Beethoven masikioni. Vina vinakaa, mizani inakaa, na ile furaha ya mvulana anayeamini inasikika mpaka leo. Nilitafuta penseli.